Kofia Iliyopimwa kwa Ndizi

Shangazi yangu, Eudocia Anchundia, hakuwahi kuwa na saa. Alipima kazi kwa ndizi. Kila alfajiri, kabla jua halijakausha nyuzi za majani ya toquila zikaanza kukatika, aliweka ndizi mbichi moja juu ya makaa, akainama, kifua juu ya mto uliofungwa kwenye kigogo, akasuka kofia. Harufu ya upande wa kwanza ilipomfikia aliinuka, hata kama alikuwa katikati ya mzunguko. Aligeuza ndizi, akatwanga karanga kidogo au akawarushia kuku mahindi, akarudi kuinama. Ndizi ilipoiva aliketi, akaila taratibu. Kisha akaweka nyingine.

Majirani zetu wa kijiji cha Pile walimtania wakiuliza kama anasuka au anapika. Yeye aliwajibu kwamba waiulize kofia.

Mwaka ule kofia ilikuwa ya baba yangu, Nicasio, mdogo wake, aliyechaguliwa kuwa rais wa sikukuu ya Mtakatifu Petro. Shangazi alikuwa amemwahidi kwamba ataongoza maandamano akiwa amevaa kazi ya mkono wake. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, na kifua chake kilikuwa kimeanza kukataa kuinama. Sote tulijua kwamba baada ya kofia hii hakutakuwa na nyingine.

Zilipobaki wiki tatu, ukingo ulikuwa bado umebakiza upana wa vidole vinne. Siku moja shangazi alipokwenda zahanati, mimi, niliyekuwa nimetoka chuoni Portoviejo na haraka zangu, nilikaa kwenye kigogo chake nikasuka tangu alfajiri hadi adhuhuri bila kuinuka. Nilimaliza kazi ya siku zake nne. Nilijiona shujaa.

Aliporudi aliinua kofia dirishani. Hakunigombeza. Alinionyesha tu mahali ambapo mwanga ulipenya kama kwenye chekecheo.

"Mikono ni kama punda, Yadira," alisema. "Haikwambii imechoka. Inaanza tu kukanyaga ovyo."

Akafumua yote. Nililia, nikamsihi tuache habari za ndizi angalau mara hii, maana tungechelewa na aibu ingekuwa ya baba.

"Basi niletee ndizi," alisema, "ile kubwa."

Hakuongeza kasi hata kidogo. Alisuka, akageuza, akatwanga, akala, akasuka. Siku mbili kabla ya sikukuu alifunga uzi wa mwisho. Kofia ilipokwisha kuoshwa na kunyooshwa, niliishika dirishani nikatafuta mahali alipokuwa akiinuka. Lazima aliinuka zaidi ya mara elfu. Nilizungusha kofia polepole, mzunguko baada ya mzunguko, na sikupata hata mahali pamoja. Ilikuwa kama maji yaliyotulia.

Asubuhi ya maandamano baba aliipokea kwa mikono miwili, akainusa.

"Dada, mbona inanukia ndizi?"

"Ivae," shangazi alisema, akigeuza ya kwake juu ya makaa. "Wanakungoja."