Draiva ya Kadi na Wageni wa Kisarawe

“Sasa kama huo mfumo wako ni huria, mbona unamwomba msaada mtu anayeficha mambo yake?”

Dada yangu aliniuliza hivyo ofisini kwake, mtaa wa Picha ya Ndege, chumba kimoja chenye ramani za nyumba ukutani. Mimi ndiye niliyemfutia mfumo wake wa wizi, ulionakiliwa bila kulipiwa, kwenye kompyuta nikamwekea mfumo huria, ambao yeyote anaruhusiwa kuona ulivyoundwa, pamoja na hotuba ndefu kuhusu uhuru. Uhuru ukafika, na nyumba alizochora zikawa zinazunguka kwenye skrini kwa kukwamakwama, kama punda aliyegoma. Kadi ya picha, kifaa cha ndani kinachochora skrini, ilitaka draiva, yaani programu ya kuiendesha, ya kampuni iliyoitengeneza, na ndani ya draiva hiyo haruhusiwi mtu kuchungulia.

Asubuhi hiyo alikuwa anakuja mteja wake wa kwanza wa maana, mzee wa Kisarawe aliyenunua kiwanja karibu na hapo. Alitaka kuiona nyumba yake ikizunguka. Ng’ambo ya barabara kulikuwa na mchoraji mwingine, na za kwake zilizunguka bila kukwama.

Nikapakua draiva. Ikaniambia nitunge nenosiri, nikatunga. Ikaleta maelezo marefu, nikabonyeza “endelea” bila kuyasoma. Mimi, niliyewahi kumhoji mhadhiri mpaka akafunga daftari! Nikaizima kompyuta na kuiwasha upya.

Mzee akaingia. Nikainuka.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, binti. Hamjambo? Wazazi? Huko mtokako?”

Nilipogeuka, skrini ya bluu yenye maandishi ilikuwa inatoweka. Nyumba bado ilikwamakwama. Nikasakinisha tena, nikawasha upya, akaingia mkewe aliyekuwa nje akinunua vocha. Shikamoo nyingine, habari za watoto nisio nao. Bluu ikaja, ikaenda. Mara ya tatu akaingia kaka wa mzee, na huyo alitaka hata habari za mvua.

“Angalia mashine, wewe!” dada akaninong’oneza.

“Niwape wakubwa mgongo?”

Mzee akainamia skrini, akaitazama sebule yake ikisogea kwa kurukaruka.

“Mwanangu, nyumba yangu ina kwikwi?”

Wakacheka, wakaaga kwa adabu zote, wakavuka barabara. Jioni dada akaniambia nimrudishie wizi wake.

Miaka miwili baadaye ndipo nilipojua kuwa skrini ile ya bluu ndiyo iliyotaka nenosiri nililotunga, ili mfumo uikubali draiva, na kwamba humsubiri mtu sekunde kumi tu.