Kutu Iliyomponza Nikeli

Shemeji yangu, mume wa dada, tulimwita Nikeli kwa sababu kwa miaka ishirini na mmoja alikuwa akipaka madini ya nikeli kwenye bampa za magari na mabomba ya bafuni. Chuo kilipotafuta fundi wa kutengeneza mabamba ya kutenganishia maji, kikamchukua yeye.

Kazi yenyewe alitueleza mezani. Unatumbukiza mabamba mawili kwenye maji yenye magadi makali, unapitisha umeme; huku inatoka haidrojeni, kule oksijeni. Bila kichocheo, yaani kitu cha kurahisisha kazi hiyo, kwenye bamba, umeme unaliwa bure.

"Vichocheo vizuri vipo," alisema, "ila bei yake dhahabu yenyewe inaona aibu. Sisi tunatafuta cha watu wa kawaida."

"Miaka yote nachota maji," dada akamtania, "leo ndiyo nasikia yanaachana."

Siku moja bamba lake moja likafanya kazi kwa umeme mdogo kuliko mengine yote. Akalipima mara tano, jibu lile lile. Alipochunguza akakuta waya wa chuma alioning'inizia bamba umelika, na kutu imeingia kwenye dawa ya kupakia. Akakimbia kwa mkuu wa maabara, daktari wa kemia, si wa sindano.

"Daktari, ni kutu! Chuma kidogo tu ndani ya nikeli..."

"Yaani umechafua dawa yangu?"

"Nimeichafua, ndiyo, lakini tazama mita ya umeme."

"Bwana, hapa si gereji."

Mita hakuitazama. Wiki ile ile Nikeli akapewa barua ya kuachishwa kazi, sababu: uzembe. Karakana yake ya zamani ilikwisha kuajiri mwingine, na kwingine kote walipoisoma barua ile walimrudishia bila neno. Akaishia kupaka rangi mageti ya watu.

Mwaka wa pili redio ikatangaza kwamba chuo kimepata kichocheo cha bei nafuu, cha nikeli iliyochanganywa na chuma. Dada akaizima. Nikeli akaiwasha tena, akasikiliza mpaka mwisho.

Kesho yake akaenda chuoni. Daktari alimkaribisha vizuri, akamvutia kiti.

"Sikufuata sifa," Nikeli akasema. "Naomba ulifute lile neno uzembe, basi."

Daktari akainama kidogo. "Nikilifuta nitaulizwa kwa nini. Na nikieleza kwa nini, itabidi niseme nani aliiona kutu kwanza. Unanielewa, kaka?"

Haya yote Nikeli alitusimulia jioni ile, bado kavaa shati lake la pasi.

"Ukamjibu nini?" dada akauliza.

"Nilimwambia nimemwelewa."

Dada hakupandisha sauti. Alisogeza sahani pembeni, akamkazia macho.

"Umemwelewa? Haya, nieleweshe na mimi."