Beji Iliyoanikwa Juani

Mimi sijui kutulia, na siku ile ndiyo kabisa. Nilitoka Visiga asubuhi na beji ya mdogo wangu mfukoni, nikaenda kwa mama Kisarawe, wanakoishi pamoja, bila hata kunywa chai.

Mdogo wangu anapiga picha za eksirei kwenye kituo cha afya, na ana mimba aliyoihangaikia miaka. Kabla hajajua kuwa ni mjamzito, alikuwa akiwashikilia watoto wanaolia ili wasitikisike wakati wa kupigwa picha. Wapiga picha huvaa beji kifuani. Ndani yake mna fuwele ndogo inayotunza kumbukumbu ya mionzi. Kazi yangu ni kuzisoma. Mashine huimulika fuwele, nayo hutoa mwanga wake hafifu: mwanzoni mkali, kisha unashuka, unashuka, mpaka unafifia taratibu. Ukiwa mkali sana, ujue aliyeivaa kapigwa na mionzi mingi.

Ya mdogo wangu niliisoma jana yake. Haikung'aa. Nikarudia, nikatoka kapa.

"Hongera, mjomba mtu!" mwenzangu wa maabara akanipongeza. Hongera gani? Hata beji iliyolala kabatini huonyesha kidogo. Hii ilikuwa tupu mno, kama imefutwa.

"Shikamoo mama. Nani kaigusa beji hii?"

"Marahaba. Mimi, kwani vipi? Ilinuka jasho. Nikaifungua kwa kisu, nikaifuta, nikaianika ungoni pamoja na makopa ya muhogo, halafu nikaifunga vilevile. Jua linaua kila kitu, mwanangu."

Lo! Liliua kweli. Mwanga wa jua nao huitoa ile kumbukumbu, hausubiri mashine yangu. Nyingi huondoka mwanzoni, iliyobaki hufuata polepole, na mama aliiacha pale kutwa. Nilitamani kupiga kelele. Nikazunguka uani kama kuku anayetaka kutaga.

"Unazunguka nini? Mtu anasafishiwa, hata asante hakuna!"

Mdogo wangu akatoka ndani, mkono tumboni. "Kaka, umeleta majibu? Sifuri, eeh?"

"Sifuri."

"Alhamdulillahi!" Akapiga kigelegele. Ningeweza kunyamaza, tena nilitaka sana. Lakini Jumatatu angerudi kwenye chumba kile na kushika watoto wa watu kwa moyo mkunjufu.

"Mama aliianika juani, mdogo wangu. Hiyo sifuri ni ya jua."

Akanikazia macho. "Basi mtoto wangu kapata kiasi gani?"

Watu huniletea beji kutoka kila upande ili niwajibu swali hilohilo. Nikamwambia sijui.