Video ya Baiolojia Imemharibia Mama Soko la Dagaa

Admin, naomba usiandike jina langu wala la shule, maana Musoma ni ndogo na mama yangu ameshasemwa vya kutosha.

Mimi ni binti wa miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha sita juzi tu, nipo nyumbani nasubiri matokeo. Nina aibu kupita kiasi. Hata kanisani nikiambiwa nisome matangazo natetemeka. Lakini leo nina hasira ambayo sijawahi kuwa nayo, na nisipoandika nitapasuka.

Tuko vikundi vitatu vya wanafunzi: Musoma, Bunda na Butiama. Tuliungana ili kuwaeleza watu wa kawaida baiolojia sintetiki, yaani elimu ya kusoma maelekezo yaliyo ndani ya viumbe hai na kuyapanga upya, kwa mfano bakteria abadilishwe awe anatoa rangi maji ya ziwa yakiwa na sumu. Naipenda kazi hii kwa moyo wote. Kwa kuwa siwezi kusimama mbele za watu, mimi nilikuwa naandika maelezo kwa Kiswahili ambacho hata bibi ataelewa.

Tulikubaliana twende soko la Mwigobero tuwaonyeshe watu vinasaba kwa macho yao. Unaponda ndizi mbivu, unatia maji yenye sabuni na chumvi, unachuja, unamimina spiriti ya baridi taratibu, na nyuzi nyeupe zinapanda juu. Hizo nyuzi ndiyo DNA, na zimo ndani ya kila kilicho hai, hata ndani yetu. Mama yangu anauza dagaa pale, nikamwomba atuazime meza. Akaisugua, akatandika hadi kitambaa. Akawa anawaambia wenzake, "Huyu ni wangu, leo anatufundisha."

Tulipofika, kiongozi wetu, nitamwita Deo, akaiweka ndizi pembeni. "Ndizi hainogi hapa. Mama, tupe dagaa wabichi kidogo."

Nikamnong'oneza, "Deo, tulikubaliana ndizi. Watu wataelewa vibaya."

Akanicheka. "Sista, wewe andika tu, kuongea tuachie sisi."

Akawaponda dagaa vilevile, nyuzi zikapanda. Kabla hajaanza kueleza, mama mmoja akapiga yowe, "Yesu wangu! Minyoo!" Mwingine akadakia, "Kumbe ndiyo maana tumbo linanisumbuaga!" Watu wakasogea, wengine wakicheka, wengine wakirudisha dagaa waliokuwa wameshanunua. Mama anasema, "Jamani ni masomo, ni masomo," hakuna anayemsikia. Baadaye Deo alieleza, na nakubali alieleza vizuri. Waliobaki karibu walielewa.

Ila video aliyoirusha jioni ile haina maelezo hata kidogo. Kaikata ianze kwenye nyuzi, iishie kwenye lile yowe, na uso wa mama unaonekana kabisa. Juu yake kaandika, "Soko zima latimuka!" Imesambaa hadi Bunda. Mteja mkubwa wa mama yuko Kabasa, hukohuko Bunda, anachukuaga mzigo kila wiki. Akapiga simu: "Dada, mzigo usitume kwanza. Mimi nakuamini, ila wateja wangu wameona." Sasa mama anarudi nyumbani na dagaa walewale alioondoka nao asubuhi.

Nilimpigia Deo nikamwomba aifute, au angalau aweke na maelezo.

"Niifute? Unaona inavyotazamwa? Ndiyo inayotubeba hiyo. Mwambie mama avumilie, sayansi ina gharama zake."

Gharama! Mbona halipi yeye? Nikaandika kwenye grupu letu la vikundi vitatu. Wa Bunda wakatuma emoji za pole. Mmoja wa Butiama akasema tusigawanyike kabla ya mkutano wa Jumamosi. Eti sisi ndio waelimishaji! Tumewaacha watu wakiogopa zaidi kuliko tulivyowakuta, halafu tunapongezana.

Jumamosi hii tunakutana Butiama, wazazi na walimu watakuwepo, na video hiyo itaonyeshwa kwenye skrini kubwa kama mafanikio yetu. Nilimwambia mama siendi. Alikuwa anapepeta dagaa, hata kichwa hakuinua.

"Nenda mwanangu, ni masomo yako. Wakiuliza yule mama wa kwenye video ni nani, sema humjui. Usiaibike kwa ajili yangu."

Nataka nishike kipaza sauti niseme huyo ni mama yangu, dagaa wake ni wazima, na walioharibu ni sisi. Lakini Deo anajua kuongea, na mimi nikianza kutetemeka atanigeuza kichekesho. Kikundi nacho kinaweza kuvunjika. Dada yangu anasema ninyamaze, watu watasahau. Sawa, watasahau, ila mpaka wasahau mama atauzia nani?

Ndugu zangu mnaosoma hapa, hasa wenye mama sokoni, nishaurini. Nisimame Jumamosi, au kuna njia nyingine ya kumrudishia mama wateja wake? Na kama ni kusimama, mtu kama mimi aanze na neno gani ili wamsikilize?