Tumbili Aliyezoea Kitenge

Jua likianza kulegea na wauzaji wa soko la Kikula wakikunja maturubai yao, ndipo Mama Kibibi hupita na beseni lake. Husimama mbele ya meza, akasalimu, akauliza habari za watoto, na mwenye meza mwenyewe huinama kutafuta: ndizi zilizochubuka, viazi vitamu vilivyokatwa na jembe, majani ya nje ya kabichi. Vyote huenda kwenye kimbilio la tumbili, kule njia ya Koni, wanakotunzwa wanyama waliookolewa mikononi mwa wawindaji.

Hakuwa amefikiria kazi ya namna hiyo. Mumewe Djibril, Mungu amrehemu, alikuwa dereva, na Kibibi alipotoka edani aliikuta nyumba imenyamaza mno. Siku moja Rolly, aliyekuwa dereva pamoja na marehemu, alisimama mlangoni na katoni ya sabuni.

“Mama, usikasirike. Niko na mutoto humu.”

“Mutoto wa nani?”

“Wa makako. Mama yake balimuua karibu na Koni. Balikuwa banamuuzisha ku barabara.”

Kitoto cha tumbili kilikuwa cha kike, macho makubwa kuliko uso. Kibibi alikipeleka kimbilioni siku ile ile. Evariste, mtunzaji wa pale, alikitazama akajikuna kichwa. Wafanyakazi walikuwa wachache, na mchanga kama yule hutaka joto la mwili usiku na mchana. Basi Kibibi akarudi naye nyumbani, akampa jina la Koni.

Mwanamke wa kwetu akipewa kitoto kinacholia, mkono hutafuta kitenge kabla akili haijauliza. Kibibi alimfunga mgongoni, na kilio kikakatika. Alisonga ugali wa bukari naye mgongoni, akafagia naye, akamweka chini tu wakati wa swala, na hata hapo Koni alikuwa akishika pindo la kitenge mpaka Kibibi alipotoa salamu kulia na kushoto.

Sokoni watu walijaa kumtazama. Henriette, muuza samaki wakavu, ndiye aliyekuwa na maneno kushinda wote.

“Huyu mujukuu anafanana na nani? Na marehemu?”

“Marehemu alikuwa muzuri,” Kibibi alimjibu. “Huyu amefuata ukoo wenu.”

Wakacheka, na wakicheka walitoa. Beseni moja likawa mawili, na Rolly akalazimika kuyapakia juu ya taxi-bus yake. Hata wale waliokuwa wakisema makako ni nyama tu, walimgusa Koni kichwa na kuacha ndizi. Kibibi alimshukuru Mungu akidhani amepewa njia.

Koni alipoota meno na kutafuna mwenyewe, Evariste alimtia katika uzio wa wenzake. Humo mlikuwa na tumbili jike mzee, mkono wake mmoja umekatwa na mtego, ambaye huwapokea mayatima. Alimnusa Koni, akamvuta kwake. Kila mtu alifurahi. Lakini Jumamosi Kibibi alikuja kumchukua, akamfunga mgongoni, akaenda naye sokoni, maana bila Koni beseni lilikuwa likirudi nusu. Jumamosi iliyofuata akafanya vile vile. Tumbili wengine wote nao walikuwa na njaa, na yeye ndiye aliyekuwa akiwaombea.

Njia ya wanawake waendao mashambani inapita kando ya uzio. Asubuhi moja mwanamke alipita amejifunga kitenge, na Koni, mwembamba bado, akapenya kwenye waya, akamkimbilia, akamrukia mgongoni. Yule mama aliogopa kama ambavyo yeyote angeogopa. Mumewe, aliyekuwa nyuma akisukuma baiskeli iliyopakiwa makala, mkaa wa kupikia, alimpiga Koni kwa fimbo.

Kibibi alipofika alimkuta Koni amefungwa bandeji mkononi, ndani ya kizimba kidogo, peke yake. Alipoona kitenge, alianza kulia na kunyoosha ule mkono mzima.

“Usimukaribie, mama,” Evariste alisema.

“Anasikia maumivu.”

“Najua. Lakini angalia. Hanyoosheye weye mukono. Ananyoosheya kitenge. Kila mwanamuke anayepita, yeye anajua ni mama yake.”

Kibibi alitazama chini, akakiona kitenge chake kana kwamba amevalishwa na mtu mwingine.

“Ni minye nilimuharibu.”

“Hapana weye peke. Minye nilikuona unamubeba, nikacheka na batu.” Evariste alishika waya za kizimba. “Kama hatasahau kitenge, siwezi kumurudisha kwa wenzake. Akitoka mara ya pili, batu batamuua. Atabakia mu kizimba hiki mupaka kufa kwake.”

Usiku ule Kibibi alikaa kwenye mkeka baada ya swala muda mrefu. Kumwacha Koni ni kumpoteza yule anayejaza mabeseni ya wenzake. Kumbeba tena ni kumfungia maisha yake yote. Alimwomba Mungu amwondolee tamaa ya kuonekana na kitu chema mgongoni.

Kesho yake alipita sokoni na mgongo mtupu.

“Mujukuu iko wapi?” Henriette aliuliza.

“Mugonjwa. Leo siombi ndizi, ndugu yangu. Naomba mifuko mitupu ya unga.”

“Mifuko? Sasa makako banalala ku godoro?”

Kibibi alimweleza yote, na jinsi kosa lilivyokuwa lake. Alitaka kushona pazia refu, lizibe uzio upande wa njia, Koni asione tena wanawake wanaopita. Henriette hakutania tena. Mfuko mtupu sokoni ni mali, watu huununua kutilia makala; hata hivyo alikung'uta wake, akaita na wa meza za jirani. Wengine walisema bila makako hawatoi kitu, wakageuza nyuso. Ijumaa, wanawake waliotoka msikitini waliketi uani kwa Kibibi, kila mmoja na sindano nene na uzi wa nailoni, wakaunganisha mfuko kwa mfuko.

Pazia lilipofungwa, Koni alirudishwa kwa wenzake. Kibibi aliendelea kuleta beseni, sasa jepesi, lakini alibaki upande wa nje. Evariste alimkataza hata kusema, sauti yake isije ikasikika. Alimsikia Koni akilia nyuma ya mifuko, sauti ile ile aliyokuwa akiituliza kwa kumpigapiga kule mgongoni. Aliweka beseni chini, akasimama mikono kifuani, akaondoka bila neno. Kila alipokuja alikuta kilio. Kisha kikapungua.

Alasiri moja hapakuwa na kilio kabisa. Kibibi alitega sikio. Evariste akatoka, akamsogelea, akamnong'oneza:

“Analala katikati ya miguu ya ule muzee. Ule muzee anamutoa chawa.”

Kibibi alifunika mdomo kwa kiganja.

“Kuja uangalie, mama. Hapa mufuko umepasuka, kuko katundu. Hatakuona.”

Kibibi aliinua mguu kusogea. Kisha akaurudisha.

“Naweza kukohoa, akanisikia,” alinong'ona.

Akatoa sindano pindoni mwa mtandio wake, uzi ukiwa bado ndani, akampa Evariste. Mtunzaji akaanza kushona pale palipopasuka, naye Kibibi akachukua beseni tupu na kushuka kwenda barabarani kungoja taxi-bus ya Kikula.