Magamba ya Nyuma ya Zizi

Nikiwa bado mtoto wa kufukuzana na mbuzi, kwetu karibu na Siakago, palikuwa na kipande cha ardhi nyuma ya zizi ambacho Cucu, mama yake baba, hakutaka kikanyagwe. Udongo wake mwekundu ulifunikwa na magamba makavu ya kijivu, yaliyojikunja kingo.

"Hiyo ardhi ni mgonjwa wa ngozi," alituonya. "Ukiikanyaga, ugonjwa unahamia kichwani kwako."

Sasa utamkatazaje mtoto kitu kinacholia kama biskuti chini ya nyayo? Nilikanyaga, tena kwa kurukaruka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi yangu yalinipata kichwani. Mwezi haukuisha kabla sijajaa mapunye.

Mama alininyoa, akanunua dawa ya kupaka. Sikutulia. Nilikuwa nimechaguliwa kuimba peke yangu kanisani siku ya mavuno, na niliamini kabisa kwamba nitazeeka na kichwa kile. Nililia mpaka Cucu akanishika mkono.

"Wacha kulia. Twende uombe msamaha."

Alibeba kikombe cha maji. Kilikuwa kiangazi, maji tukiyafuata mtoni na punda, na Cucu huyohuyo alitugombeza tukimwaga hata ya kuoshea vyombo. Sasa alinipa maji safi, akaniambia nimwage chini. Nikamwaga. Mbele ya macho yangu yale magamba yalinyooka, yakawa kijani kibichi.

"Umeona? Imekusamehe. Sasa enda uimbe."

Niliimba, kichwa kikimeta dawa.

Siku hizi kazi yangu ni kuchunguza viumbe vya udongoni, na najua mapunye niliyapata kwa kuazimana kofia na binamu zangu. Yale magamba ni kuvumwani, yaani kuvu na mwani walioshikana wakaishi kama kiumbe kimoja. Wenzangu kazini walipoona picha zake walishuku ni aina adimu, wakataka kipande. Cucu alikuwa ameshatutoka, lakini hakuna aliyethubutu kulima pale. Kabla sijatoa kisu nilimwaga maji pembeni. Sikuona haya.

Tulikipima kile kipande, tukakilinganisha na vingine, na jina lake la kisayansi likapatikana. Ni adimu kweli. Mwenzangu mmoja akaniuliza nilijulia wapi kwamba kikilowa kinageuka kijani.

"Kwa nyanya yangu," nikamjibu. "Alinipa kikombe kizima cha maji safi katikati ya kiangazi, ili niache kulia."