Kisu Yenye Iliharibika

Mujukuu wangu anatumika na mukono ya kushoto. Akili iko, masomo iko, uzuri sisemi, kwa sababu anafanana na miye kambo yake. Lakini umupe kisu na fungu ya lengalenga: majani mengine mapana kama ya kupa mbuzi, mengine inabakia nzima, na damu juu yake. Na siku ya Mungu, kisha misa, mama ya kijana mwenye anataka kumuoa alikuwa anakuja kutuangalia. Yule mama hakai salon. Anaingia mu jikoni.

Siku moja mbele afike, nikamupeleka mutoto Naviundu, kwa muzee mwenye kutengeneza bisu kwa chuma ya misumeno ya zamani. Miye kisu sinunui kwa macho. Nilibeba mboga mu kitunga: unakunja majani mu ngumi, unakata palepale, bila kibao. Kisu ikipita laini, unaichukua.

Yenye nilichagua ilipita muzuri. Nikamupa mujukuu. Mu mukono yake ikakimbia inje, majani ikabakia.

Muzee akacheka. "Kambo, uyu bakwe batakurudishia mbele jua ishuke."

"Funga kinywa, nola bisu yako!" Nilisema kwa nguvu, lakini nikaangalia jua.

Mutoto akainama, akaokota kisu moja yenye ilitupwa pembeni ya mukeka.

"Acha ile," muzee alisema. "Niliinola upande mubaya, usingizi ilikuwa inanisumbua. Iliharibika."

Mutoto akakunja majani, akakata. Chwe, chwe, chwe. Ikaanguka nyembamba kama nywele. Kumbe bisu yetu yote banainolaka upande moja tu, ule wa mukono ya kuume! Mukono ya mutoto haikukuwa na kosa hata kidogo. Nilipumua mpaka kitambaa ya kichwa ikalegea.

"Papa, ile nachukua," nikamuambia muzee. "Na hii kupekupe ya kufyekea majani mu bustani, uniharibie nayo vilevile."

Siku ya Mungu yule mama akaingia mu jikoni, akaangalia mutoto anakata. Halafu: "Lete nikusaidie." Akakamata kisu. Ikamukimbia, majani ikaanguka chini.

"Kisu gani hii?"

"Ni yangu, mama," mujukuu alijibu polepole.

Akamurudishia, akavuta kiti kidogo, akaanza kuchambua maharagi. Miye nikatoka inje, nikacheka peke yangu katikati ya mboga.